Ugonjwa Uko Nyumbani

Chinga, Othaya
Jumapili, 11 Machi 1973

Kwa Baba yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mama pia, na kwamba ule mguu wake umempa nafasi tangu baridi ya mlima ipungue. Nisamehe kwa kukaa kimya. Barua zako tatu zilifika: ile ya Krismasi, ile ya Januari uliyoniuliza kama nimekufa, na ile ya juzi iliyosema tu, Murugi, andika. Sikukataa kuandika. Mwezi wa pili vidole viwili vya mkono wangu wa kulia vilivunjika, na kabla ya hapo nilikuwa na vidole vizuri lakini sikuwa na maneno. Sasa niko na maneno, na vidole vimepona nusu, kwa hivyo uvumilie huu mwandiko. Naona mwenyewe vile mistari inapanda juu kama barabara ya kwetu.

Wachuka ana miezi mitano na jino moja, na ananyonya kama ndama. Mwambie mama jina lake liko na nguvu. Ngendo ameanza kukimbia tena. Bega lake lilishikana vizuri, amebaki tu na alama juu ya jicho. Najua hukujua kwamba aliumia. Nitafika hapo.

Baba Ngendo, mkwe wako Gicheru, yuko hospitali ya Nyeri na mguu wake wa kushoto umekatwa juu ya goti. Na Kioko, yule fundi wa magari wa Othaya niliyekutajia zamani, yuko ndani, na kesi yake itasikizwa Nyeri Alhamisi tarehe ishirini na mbili. Watu wote hapa wanasema atafungwa miaka mingi, kwa sababu ati yeye ndiye alilegeza bolti za gari yetu ili Baba Ngendo afe. Ndiyo sababu naandika. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujamsomea mama.

Wewe ni fundi, kwa hivyo nitakueleza vile ungeniuliza: ilianza kulia lini, inalia vipi, inalia ikiwa na mzigo au ikiwa tupu.

Hiyo Landrova unaikumbuka. Siku ya harusi uliizunguka, ukapiga teke gurudumu, ukasema ni mzee lakini mifupa yake ni mizuri. Baba Ngendo aliinunua kwa mzungu aliyekuwa anahama Mweiga, na tangu hapo imebeba ndizi na nduma za watu wa huku mpaka Karatina, Jumanne na Jumamosi. Mvua ikinyesha hakuna kitu kingine chenye magurudumu kinachopanda hii milima yetu.

Ilianza kulia mwezi wa kumi, wiki ileile niliyojifungua. Akiachia klachi, chini kulikuwa kunasema ngo! mara moja, kama mtu anayegonga mlango kwa hasira. Halafu ikishatembea, ngrrr, ngrrr, ikifuata mwendo. Akiongeza mafuta inakasirika, akiachia inanyamaza kidogo, halafu inaanza upya. Wanaume wa stendi ya Othaya wakampa jina la Baba Kifua. Walimuuliza kama gari imeshaanza kutema damu. Mama mmoja wa nduma akamwambia ati ampelekee dawa ya kikohozi, kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni, na aifunge shuka shingoni.

Baba Ngendo si mtu wa kuchekwa. Alifika nyumbani akaingia chini ya gari na nyundo, akaipiga difu, lile tumbo la gia la huko nyuma, mpaka ngozi ya vidole vyake ikachubuka. Akatoka, akachukua mpini wa jembe akavunja taa moja, akaicharaza boneti mpaka mpini ukakatika vipande viwili. Ng'ombe alikata kamba. Kisha akaingia ndani, akala, akalala kama mtoto aliyelia akachoka. Siku ya pili ilikuwa hivyohivyo, na ya tatu. Mimi nilikuwa kitandani na mtoto mchanga, nikisikia bati linapigwa huko nje.

Mwisho akaipeleka kwa Kioko. Kioko ni Mkamba wa kutoka Machakos, mfupi, ana karakana nyuma ya soko, na huongea na gari kama anabembeleza shemeji. Aliniuliza hata mimi. Aliniambia, Mama Ngendo, wewe ndiye hukaa huko nyuma juu ya magunia, sasa niambie, miguu yako inasikia nini? Nikamwambia naisikia kwenye visigino, si kwenye vidole, na inapiga mara nyingi kuliko gurudumu linavyozunguka. Akacheka mpaka akashika kiuno. Akasema ati huyu mama alizaliwa kwenye karakana. Sikumwambia ni kweli. Akainua magurudumu ya nyuma kwa jeki, akaweka gia huru, akalala chini na kuishika ile propela, bomba linalopeleka nguvu kwenye difu, kwa mikono miwili, akaizungusha kushoto na kulia. Ilikuwa na mchezo kidogo, kama jino la mtoto. Pale kwenye krosi, kiungo chake, kulikuwa na unga mwekundu wa kutu. Akabadilisha krosi, na gari ikanyamaza kabisa. Ungeweza kuweka kikombe cha chai juu ya boneti kisimwagike.

Siku ya tatu baada ya gari kunyamaza, Baba Ngendo alinipiga.

Sasa ni lazima nikueleze hilo pia. Ngendo aliitwa jina la mama yake Baba Ngendo, na hapo hakuna aliyekuwa na neno. Lakini aliyefuata alikuwa anangojwa awe mvulana, aitwe Kahiga, jina la marehemu baba yake. Akaja Wachuka, na kwa desturi jina likaenda kwenu, kwa mama. Baba Ngendo alisema ati watu wa Naro Moru, yaani ninyi, wamefika kwake kabla baba yake hajafika, ati mzee amesimama huko nje ya boma anabisha na mimi nimemfungia mlango. Alichukua mkanda wa feni, ule wa zamani uliobaki alipobadilisha mwingine. Mtoto alikuwa na siku ishirini na tano. Nilimlalia juu ili mkanda usimfikie, kwa hivyo ulifika mgongoni na shingoni na kwenye sikio. Ngendo alikuwa chini ya meza, amejishika masikio, anahesabu moja mbili tatu vile nilivyomfundisha. Alifika kumi, akarudia moja, kwa sababu ndipo hesabu yake inapoishia. Alirudia mara nne.

Jumapili iliyofuata gari ikaanza kulia tena. Ngo! na ngrrr, kama zamani.

Lakini safari hii, Baba, ilikuwa inalia bila mpango. Ililia kutoka nyumbani mpaka kanisani, ikalia kutoka kanisani mpaka Othaya. Jumanne ikapakiwa ndizi mpaka springi zinalala, ikaenda Karatina na kurudi bila kutoa sauti. Ikipelekwa kwa Kioko, haisemi kitu. Alimwaga oili ya difu kwenye karai, akaichuja kwa kitambaa akitafuta vumbi la chuma, hakuna. Akafungua haba zote nne za magurudumu. Akatazama miguu ya gia boksi, akagonga springi moja moja na kusikiliza. Ilikuwa inamwumiza, niliona, kwa sababu ni mtu anayeipenda kazi yake. Alisema hajawahi kuona gari inayoumwa nyumbani na kupona barabarani. Ati ni kama mtoto anayeumwa tumbo asubuhi ya shule, kengele ya mapumziko ikilia anapona, ila hii imegeuzwa.

Nyumbani Baba Ngendo aliipiga. Alivunja taa ya pili. Alipasua kioo cha kando kwa kiwiko, akatembea wiki nzima na kidonda. Aliwahi kuishindilia mateke mpaka kiatu kikafunguka mdomo. Halafu analala.

Watu nao walishaanza kusema. Unajua vile watu wa huku husema Mkamba akishika kitu chako kuna kingine anakiacha ndani. Walisema ati Kioko amefunga kitu kwenye hiyo gari. Wale wale wa stendi waliokuwa wakimwita Baba Kifua sasa wakamwuliza Baba Ngendo kama ameshatazama chini ya kiti, ati pengine kuna pembe na nywele. Kwao ilikuwa mzaha. Yeye aliurudisha nyumbani ukiwa neno la kweli.

Mwisho wa Januari akaenda karakana. Mimi nilikuwa ndani ya gari na watoto, kwa hivyo nilisikia na niliona. Kioko alifuta mikono akamwambia, mbele ya watu, kwamba amefungua kila kitu kinachofunguka na gari haina neno. Kisha akasema, Gicheru, huu ugonjwa uko nyumbani kwako, nenda uutafute huko.

Alimaanisha mahali gari inapolala, mteremko, pengine jiwe inaloligonga ikitoka. Ama ndivyo nilivyodhani siku hiyo. Lakini wanaume walicheka, na mmoja akapiga mluzi. Baba Ngendo alichukua spana ya magurudumu. Pigo la kwanza lilikuwa kwenye mkono, na nilisikia mfupa, Baba, ulilia kama muwa. La pili lilikuwa mdomoni. Kioko alianguka kwenye ile karai ya oili, na damu ikaelea juu ya oili bila kuchanganyika. Alipigwa akiwa chini mpaka watu wanne walipomshika Baba Ngendo. Kioko alitema meno, akasema ati hiyo gari itakumeza siku moja. Neno lile watu walilibeba kama watu wanavyobeba moto. Ndilo litakalosomwa kortini.

Kabla hawajamwinua, alinitazama mimi. Hakuwa ananitazama kwa ubaya.

Siku kumi sikulala vizuri. Jumanne tarehe sita mwezi wa pili, Baba Ngendo alipokuwa anawasha gari kwenda Karatina, nilimfuata na mtoto mgongoni, nikamwambia atazame bolti za propela, upande wa difu. Nilisema hivyo tu. Aliniuliza ni nani amenifundisha gari, kama ni Kioko, na amenifundisha nini kingine. Halafu akanishika mkono akauweka kwenye fremu ya mlango. Aliufunga polepole, kwanza akahakikisha vidole viko pale anapotaka. Kisha akafungua, akaenda soko.

Baada ya siku hiyo gari ilikuwa inalia kila mahali, na mzigo na bila mzigo, kila siku zaidi, na hakukuwa na fundi wa kuitazama.

Jumamosi tarehe kumi na saba alisimama kwenye ule mpando baada ya mto, saa nne asubuhi, kwa sababu kamba ya turubai ilikuwa imelegea. Unajua Landrova ya aina hiyo, ulinionyesha mwenyewe nikiwa mtoto: breki ya mkono haishiki magurudumu, inashika ile propela. Propela ikitoka, hakuna breki ya mkono. Alivuta breki, akateremka, akapita nyuma kufunga kamba, akaniambia nishuke nitafute jiwe la kuweka kwenye gurudumu. Nilishuka na Wachuka. Ngendo alibaki amekaa mbele. Nilikuwa nimeinama kwenye mfereji, mkono mmoja umefungwa kitambaa, nikijaribu kung'oa jiwe kwa mkono wa kushoto, niliposikia ngo! Ilikuwa kubwa kuliko zote, na baada yake hapakuwa na ngrrr.

Nilipiga kelele. Nataka ujue hivyo, Baba. Nililiita jina lake kwa sauti yote niliyokuwa nayo. Aligeuka kunitazama badala ya kuruka. Gari ilimbana kwenye ukingo wa udongo, goti lake la kushoto likasagika, ikampita, ikapinduka mara mbili kwenye majani ya chai. Ndizi zilitapakaa mpaka mtoni. Ngendo nilimkuta kwenye mistari ya chai, amelala, damu imejaa jicho. Alikuwa anahesabu. Alikuwa amefika saba.

Koplo Nehemiah wa kituo cha Othaya ni mtu wa magharibi, mpole, hana haraka. Alilala kwenye matope akatazama chini ya gari. Bolti mbili za propela hazikuwepo, mbili zilikuwa zinaning'inia, na nyuzi zake zilikuwa nzima. Alisema bolti iliyokatika ni ajali, lakini iliyofunguka ni mkono wa mtu. Wakauliza ni mtu gani aliyeshika gari hiyo mara ya mwisho, na ni nani alisema itakumeza. Wakamchukua Kioko na plasta yake mkononi. Wamesema alilegeza Januari, na barabara ikamaliza.

Sasa, Baba, umeshajua. Wewe ulijua pengine tangu niliposema ilinyamaza ikiwa na mzigo.

Bolti ni mimi. Unakumbuka siku ya kuondoka kwangu, wengine walinipa sufuria na wewe ukanipa ile spana yako iliyoandikwa 9/16, umeifunga kwa kitambaa cha mama, ukasema ati mwanamke aliye na spana hakosi la kufanya. Watu walicheka. Niliiweka ndani ya debe la unga. Zile wiki mbili za krosi mbovu zilikuwa wiki mbili za kwanza tangu niolewe ambazo hakunigusa. Alikuwa na kitu kingine cha kupiga. Katika ile nyumba ni lazima kitu kilie, na nilifikiri, chuma hakina mgongo. Kwa hivyo nikiona macho yake yanabadilika, nilikuwa naingia chini ya gari akiwa amekwenda kuoga au kukata majani ya ng'ombe, nalegeza nati mbili, mzunguko mmoja. Akisema kesho ni soko, ama kesho ni kwa Kioko, naingia tena, nakaza zote nne. Sikuwahi kuacha iende na mzigo ikiwa imelegea. Hata mara moja. Nilikuwa mwangalifu kama vile ungekuwa wewe.

Tarehe sita mwezi wa pili, alipofunga ule mlango, bolti zilikuwa zimelegea. Alikuwa amesema haendi Karatina siku hiyo, kisha asubuhi akabadilisha nia. Ndiyo sababu nilimfuata. Baada ya hapo nilijaribu mara tatu. Nilijaribu kwa mkono wa kushoto, nililala pale chini nikalia, spana inateleza, vidole haviwezi kushika. Kumwambia mtu mwingine sikuweza. Ningemwambia nani?

Na Kioko alijua. Nilimpelekea uji kituoni, wakaniruhusu dakika chache. Mdomo wake haujapona, kwa hivyo aliongea polepole. Aliniambia aliona zile nati zinang'aa kwenye pembe, kama kitu kinachokazwa na kulegezwa kila wiki, na kwamba spana yake imeisha meno, haiwezi kuacha alama nzuri namna hiyo. Alisema alipomwambia Gicheru ugonjwa uko nyumbani, alitaka aende akajitazame. Akaniambia ati yeye hana mtoto anayenyonya, ninyamaze. Akamaliza uji akanirudishia kopo.

Sitanyamaza. Jumatano tarehe ishirini na moja nitaenda kwa Koplo Nehemiah na ile spana, niiweke mezani kwake na kusema haya yote, na Alhamisi niyaseme tena mbele ya hakimu. Ningeenda leo, lakini siwezi kumwacha Ngendo katika boma hili akiwa mtoto wa mwanamke aliyefanya hivyo. Kila siku ninayongoja ni siku ya Kioko mle ndani, kwa hivyo nakuomba msikawie kumchukua.

Kuna neno moja tu nitakuambia, na nakuambia kwa heshima. Mwaka wa kwanza nilikuja kwenu na jicho limefura. Ulinipa chai, ukaniambia kofi moja haliwezi kuvunja nyumba, ukanirudisha mwenyewe kwa gari ya kazi. Njia nzima ulikuwa unasikiliza injini. Sikukasirika. Lakini hiyo ndiyo sababu barua zako tatu zilikaa bila majibu.

Nisalimie mama sana, umpe pole kwa haya. Nisalimie watu wa kanisa, na kila anayeuliza habari zangu umwambie niko hai. Mungu awalinde hapo chini ya mlima.

Ni mimi binti yako,
Murugi

Vitu ninavyohitaji ni hivi, vifike kabla ya Jumatano hiyo, kwa mkono wa mtu na si kwa posta. Lile koti la bluu nililoacha kwenye sanduku la mama, kwa sababu nguo ninayoweza kusimama nayo mbele ya watu sina. Nepi sita na blanketi moja dogo, nzito, maana Wachuka atakwenda nami popote nitakapopelekwa. Viatu vya Ngendo, namba nane, na mama aje navyo mwenyewe amchukue, asitume mtu ambaye mtoto hamjui. Sweta yako moja ya zamani ya kumpa Kioko, na iwe na mkono mpana, plasta ipite. Magongo mawili ya mti mgumu ya Baba Ngendo. Pima kwako kutoka kwapani hadi chini, uongeze vidole vinne. Na karatasi moja yenye mwandiko wako. Usiandike kwamba umenisamehe. Andika tu kwamba safari hii hutanirudisha.